Kambale wa Bi Tatu

Siku ninayoikumbuka zaidi katika ujana wangu, mwanangu, si siku ya arusi yangu wala siku niliyoajiriwa kufundisha. Ni siku niliyoketi mkekani katika kijiji kimoja cha Tanzania, mbali sana na migomba ya kwetu Nkubu, nikala samaki mbele ya watu walionikataza kula. Kiongozi wetu alisimama akinitazama. Aliniamuru niinuke. Mimi nikaendelea kula.

Nakuandikia haya kwa sababu jana ulikuja hapa kwangu Majimbo na wenzako, mmevaa fulana mpya za safari, mkiniomba niwaombee kabla hamjavuka mpaka kwenda kuwajengea watu nyumba. Nilifurahi sana. Kisha mmoja wenu akanieleza kwa fahari kwamba mmejipanga vizuri: mtabeba chakula chenu chote, na hakuna atakayeruhusiwa kula kwa wenyeji. Nikasema palepale kwamba hilo ni kosa. Kiongozi wenu akacheka kwa adabu, akasema, "Shosho," kama mnavyotuita sisi mabibi, "siku hizi mambo yamebadilika." Nimelala nikiyawaza maneno yake, na asubuhi nimeamka nikiwa bado nasema hayajabadilika. Acha nikueleze pole pole, halafu uamue mwenyewe.

Nianze nyumbani, ili unielewe. Nilizaliwa juu ya Nkubu, upande wa msitu, mahali ambapo asubuhi ukungu huingia mpaka jikoni. Nilipokuwa mdogo, nyumba haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mama alipotaka kukandika ukuta, aliwaita majirani, nao walikuja. Wanaume walisimamisha nguzo, wanawake walikanyaga udongo kwa miguu, na sisi watoto tulibeba maji. Mama alipika. Hata mwaka ambao mvua ilikataa kunyesha, alipika. Kama kulikuwa na viazi vitupu, basi viazi vitupu, lakini kila mtu alikula. Jirani mmoja aliwahi kuondoka kimyakimya ili asitumalizie chakula. Mama alimfuata barabarani na bakuli mkononi, akipiga kelele, "Rudi! Unataka waseme nyumba yangu ilijengwa na wapita njia?" Yule jirani alirudi akicheka, akala. Mimi nilidhani mama ni mkali tu.

Sasa tuje kwenye safari. Nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, bado nangoja kazi, kanisa letu lilipopata habari kwamba mto mmoja huko Tanzania umefurika na kubomoa nyumba za watu. Vijana tukajitolea kwenda kujenga. Kiongozi wetu alikuwa mzee wa kanisa, Mwalimu Gitonga, ambaye alikuwa amenifundisha hesabu katika shule ya msingi. Sitaki umchukie. Alikuwa mtu mwema. Ni yeye aliyepita shamba kwa shamba, kutoka Nkubu hadi kule Kianjai, akiomba mahindi, maharagwe na viazi mpaka lori likajaa. Na kabla hatujaondoka alitupa sheria moja: hatutakula chakula cha wale watu.

"Wamepoteza kila kitu," alisema. "Tukienda kuwamalizia kidogo kilichobaki, tutakuwa tumewasaidia nini?"

Tulipiga makofi, kanisa zima. Ukiwa umeshiba, umeketi kwenye benchi la kanisa kule kwetu Meru, hiyo ni sheria nzuri sana kuisikiliza.

Tulifika mahali penye joto ambalo mtu wa mlimani hawezi kulielezea nyumbani akaaminiwa. Ardhi ilikuwa tambarare hadi macho yachoke. Kikundi changu kilipewa nyumba ya mjane mmoja aliyeitwa Bi Tatu. Alikuwa mwembamba, mrefu, mwenye sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Aliishi chini ya turubai na wajukuu zake. Matofali ya kuchoma yalikuwa yametengenezwa na wanakijiji wenyewe, sisi tulileta mabati, mbao na mikono.

Asubuhi ya kwanza, fundi wetu Murithi, kijana wa Kianjai ambaye hakuweza kukaa kimya hata kwenye maombi, alimwambia yule mama, "Mama, leta maji."

Bi Tatu akaweka mikono kiunoni. "Leta? Umenioa lini, wewe?"

Tukacheka hadi mwiko ukaanguka.

"Kwetu tunasema naomba," akaendelea. "Nyie Wakenya mnaongea kama askari wa trafiki."

"Pole mama," Murithi akasema. "Naomba maji, tafadhali, asante, samahani, Mungu akubariki."

"Sasa umezidisha," akasema Bi Tatu, akaenda kuchota maji huku mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Ndivyo tulivyoanza. Alitutania, tukamtania. Alichungulia sufuria yetu ya githeri, mahindi na maharagwe ya kuchemsha, akasema, "Makande asubuhi, makande jioni. Huko kwenu mboga zimekufa?" Adhuhuri ilipofika akaja kutoka kwenye turubai lake na sinia kichwani, limefunikwa kawa. Akalitua kivulini, akafunua. Ugali wa muhogo, na kambale kwenye mchuzi, mzima, kichwa na masharubu yake.

Hapa inabidi nikueleze jambo, kwa maana wewe umezaliwa siku ambazo samaki wanauzwa hata Embu mjini na hakuna anayeshtuka. Sisi watu wa mlima, wakati huo, samaki hakuwa chakula. Wazee wetu walimweka jirani na nyoka. Sisi vijana tulikuwa tumesoma, lakini matumbo yetu yalikuwa bado hayajasoma. Murithi alininong'oneza, "Ona masharubu. Hiyo si samaki, Karimi, hiyo ni chifu." Nikajifunika mdomo kwa leso.

Mwalimu Gitonga hakucheka. Alisimama, akavua kofia, akasema, "Asante sana, mama. Mungu akubariki. Lakini hicho wape watoto. Sisi tuna chakula chetu."

Bi Tatu alimtazama. Akafunika sinia, akaliweka kichwani, akarudi nalo.

Kesho yake alileta tena. Akarudishwa tena, kwa maneno yaleyale mazuri. Alijaribu hivyo siku kadhaa, kisha akaacha kuleta. Akaacha pia kututania. Alileta maji, akayatua, akaondoka. Tulipomuuliza angependa mlango uwe upande gani, alisema, "Fanyeni mnavyojua." Tulipomuuliza kuhusu madirisha, alisema, "Fanyeni mnavyojua." Mwalimu Gitonga alituambia jioni, wakati wa maombi, kwamba tujifunze unyenyekevu kutoka kwa yule mama. Basi tukafanya tulivyojua. Ukuta ukapanda, na madirisha tukayaweka juu, madogo, kama ya nyumba za kwetu.

Asubuhi tuliyopanga kuanza kuezeka, Bi Tatu alikuja amejifunga kanga kiunoni, akasimama mbele ya nyumba.

"Jamani," alisema, "msijisumbue. Siitaki."

Mwalimu Gitonga alidhani hajasikia vizuri. "Hutaki nini, mama?"

"Hii nyumba. Mmeileta nyinyi, mmeijenga nyinyi, mmekula vyenu, mmelala kwenu. Mkiondoka, mtu akipita akaniuliza hii nyumba ya nani, nitamjibu nini? Nitasema ya Wakenya. Basi kaeni nyinyi."

"Mama, umechoka. Kaa kidogo upumzike."

"Sijachoka, mwalimu. Mimi nilikuwa na nyumba. Mto umeichukua. Lakini jiko sikulipoteza. Mmeniona maskini wa mwisho, mpaka ugali wangu hauwezi kuingia kinywani mwa mtu."

Akaondoka. Nasi tukabaki na misumari mikononi.

Usidhani lilikuwa jambo dogo. Mawingu ya mvua yalikuwa yameanza kukusanyika kila mchana. Wajukuu wa Bi Tatu walikuwa wakikohoa chini ya lile turubai. Na kamati ya kijiji ilikuwa imeshasema wazi kwamba nyumba ikikataliwa na mwenyewe, itapewa familia nyingine iliyokuwa ikingoja. Mwalimu Gitonga, ambaye alikuwa ameumia rohoni, alitangaza kwamba atampa mama yule mpaka kesho adhuhuri. Akishikilia msimamo wake, tutamwezekea mtu mwingine. Hakusema kwa hasira. Alisema kama mwalimu anayefunga kitabu.

Jioni ile nilimfuata, maana nilikuwa nimemsikia mama yangu katika sauti ya Bi Tatu. Nilimkumbuka barabarani na bakuli lake.

"Mwalimu," nilisema, "kwetu mtu akijenga bila kula, mwenye nyumba si hukasirika?"

"Huko ni kwetu, Karimi. Hawa wamekumbwa na maafa. Wana watoto."

"Hata mama yangu alikuwa na watoto."

"Chakula kile ni cha wale wajukuu. Ukikila, utakuwa umekitoa kinywani mwa mtoto. Unataka hivyo?"

Na mimi nakuambia, mwanangu, hilo ni swali la haki. Hata leo ni swali la haki. Lakini nilikuwa nimeyaangalia madimbwi yaliyoachwa na mto. Yalikuwa yamejaa kambale. Wajukuu walikuwa wakiwavua kwa vikapu, wanarudi wakiimba. Mto ulikuwa umechukua nyumba ukaacha samaki. Yule mama hakuwa na nyumba, lakini kambale alikuwa nao wa kugawa.

Nilipomwambia hivyo, mwalimu wangu alitazama kando. Ndipo nikaelewa kwamba sheria yetu ilikuwa na nusu nyingine ambayo haikutajwa kanisani. Tulikuwa tunamwonea huruma, ndiyo. Lakini pia tulikuwa tunamwonea kinyaa, na tulikuwa tumekivika kile kinyaa nguo za huruma.

"Sheria ni sheria," alisema. "Nenda ukalale."

Adhuhuri ya kesho yake sikwenda kwenye sufuria ya githeri. Nilikwenda kwenye turubai la Bi Tatu nikapiga hodi.

"Nani?"

"Karimi. Nina njaa."

"Makande yenu yameisha?"

"Yapo. Nimekuja kula kwako."

Alitoa kichwa nje akanitazama kuanzia viatuni hadi kichwani. "Umetumwa na mwalimu wako?"

"Mwalimu akijua atanifukuza."

"Basi rudi, mtoto wa watu. Sitaki ugomvi wa kanisa."

Nikaketi kwenye mkeka wake, mlangoni, ambapo kila mtu angeniona. "Siondoki," nikasema. "Nimekujengea ukuta, na sijala. Kwetu hiyo ni aibu. Sijui kwenu."

Akaanza kuchochea moto kwa nguvu kupita kiasi, akinung'unika kuhusu watoto wa siku hizi na viburi vyao, na nikajua nimekubaliwa. Alinipa maji ya kunawa. Akaniwekea sinia. Na kwa kuwa mimi ndiye niliyekuwa mgeni, akanipa kichwa.

Sitakudanganya. Yale masharubu yalinitazama. Nilimega ugali, nikachovya, nikang'oa mnofu wa shavuni kama alivyonionyesha, nikautia kinywani na kufumba macho. Ulikuwa mtamu, mwanangu. Ulikuwa na ndimu na pilipili na moshi wa kuni. Nilifumbua macho nikakuta kikundi chetu chote kimesimama kwenye ukuta, miko mikononi, kinanitazama kama watu wanaotazama mtu akimeza moto.

Mwalimu Gitonga alikuja. Alisimama juu yangu, kofia kichwani safari hii.

"Karimi. Inuka."

"Nikimaliza, mwalimu."

"Nimesema inuka. Unanivunjia heshima mbele ya watu."

"Sikuvunjii heshima. Naila heshima aliyonipa huyu mama."

"Ukiendelea, hutasafiri tena na kanisa letu. Nasema mbele ya mashahidi."

"Sawa, mwalimu," nikasema. "Lakini leo nakula."

Murithi akashuka ukutani, akapangusa mikono kwenye suruali, akaja. "Bi Tatu," alisema, "naomba mkia. Hiyo mbele yenye masharubu mwachie Karimi, mwalimu wetu mpya." Bi Tatu akamkaribisha. Murithi alitafuna huku amekunja uso kama anayemeza dawa, kisha uso ukakunjuka, akaomba ugali zaidi. Wengine wakaja mmoja mmoja. Hawakuja wote, na Mwalimu Gitonga hakuja. Alirudi kwenye lori akaketi na Biblia yake.

Sasa sikiliza kilichofuata, maana hiki ndicho ninachotaka ukibebe. Bi Tatu alipomaliza kutulisha, alisimama, akatazama ile nyumba kwa mara ya kwanza kama mtu anayetazama kitu chake. Akaizunguka. Kisha sauti yake ya zamani ikarudi.

"Nani kaweka hivi vidirisha?"

Tukatazamana. Murithi akainua mkono, kama yuko darasani.

"Hii ni nyumba au ni tanuri? Mnataka kunioka na wajukuu zangu? Upepo hapa unatoka mtoni, unapita hivi. Bomoeni hapa. Na hapa. Dirisha litazamane na dirisha. Na mbele nataka baraza, nikae jioni nione nani anapita."

Alikuwa na haki. Tulikuwa watu wa baridi, tukamjengea mwanamke wa joto nyumba ya kuzuia baridi. Alikuwa ameviona vile vidirisha tangu siku ya kwanza, akanyamaza. Angewezaje kusema? Mtu ambaye amekataliwa chakula chake hawezi kusimama mbele yako akakwambia umekosea ukuta. Anabaki kusema fanyeni mnavyojua. Tulidhani ni unyenyekevu, kumbe tulikuwa tumemfunga mdomo kwa wema wetu.

Tukabomoa. Tukapanua. Alitusimamia siku nzima kama nyapara, anagombeza, anatania, analeta maji, anatuma wajukuu madimbwini. Mwalimu Gitonga aliona mabati hayatahamishwa tena, akashuka kwenye lori, akapanda juu ya paa akagongelea misumari bila kusema neno. Nakwambia alikuwa mtu mwema. Mvua ilipokuja, Bi Tatu alikuwa barazani kwake na wajukuu wake, anatuzomea sisi tuliokuwa tunakimbilia mahema yetu ya kulala.

Mwalimu Gitonga alitimiza alichosema. Niliporudi Nkubu niliitwa mbele ya wazee wa kanisa, wakanitaka niombe radhi kwa utovu wa nidhamu. Niliwaambia nitaomba radhi kama sauti yangu ilikuwa juu, lakini kwa kula sitaomba. Walinisihi, walinikaripia, mmoja akaniambia msichana mwenye kichwa kigumu hivyo hataolewa. Niliolewa, kama unavyojua, na kichwa kikiwa hivihivi. Lakini sikusafiri nao tena. Vijana wengine walikwenda Uganda, wakaenda Malawi, mimi nikabaki. Iliniuma, sitasema haikuniuma. Nilipenda kazi ile. Hata hivyo, kama ningerudishwa kwenye mkeka ule leo, na meno haya niliyobaki nayo, ningekula tena kichwa chote.

Kwa hiyo nisikilize, wewe na wenzako wenye fulana. Bebeni chakula chenu, sikatai. Njia ni ndefu na lori huharibika. Lakini mkifika, mwenye nyumba akikuletea chakula, kula. Utaniuliza, je, kama hana cha kutosha? Kula kidogo basi, matonge mawili, na chako ukitie kwenye sinia lake mle pamoja. Utaniuliza, je, nikiugua? Mwambie ukweli kwamba tumbo lako ni dhaifu, umwombe chai iliyochemka. Atakucheka, na kukucheka kwake ni kuzuri, maana anayekucheka ataweza pia kukukosoa. Utaniuliza, je, kiongozi akikataza? Mweleze kwa upole, kama ninavyokueleza wewe. Akikataa, mweleze tena. Akikataa tena, keti ule, kisha ukubali adhabu yake bila kumtukana. Utarudi nyumbani. Huyo mwenye nyumba ndiye atakayebaki mle, na lazima ajue kwamba ni kwake.

Na ukiona mahali ambapo wenyeji wananyamaza, wanaitikia kila kitu, wanasema fanyeni mnavyojua, simamisha kazi. Weka mwiko chini. Nenda ukaombe maji, uombe kiti, uombe kuonyeshwa jinsi ya kumega ugali wao. Ukuta unaweza kungoja.

Kiongozi wenu akisoma haya na kusema shosho amezeeka, mwambie ni kweli, nimezeeka, na bado nasema hivyo. Aje Majimbo tubishane. Nitampikia, na hataondoka kabla hajala.

Sasa kuhusu ile baraka mliyoiomba. Bibi yangu angekutemea mate kifuani kama walivyobariki wao. Mimi nakuandikia tu. Mungu akuvushe mpaka salama na akurudishe ukiwa na mikono iliyochubuka. Akupe mwenye nyumba mkali, mwenye sauti ya kuvuka mto, akutume maji, akubomolee dirisha uliloliweka vibaya, na jioni akuite kwa jina lako uje ule.